Ndege ya Kuti la Mwandiga

Jumatatu, 1 Desemba

Kibirizi, kwenye soko la dagaa, tangu asubuhi. Mvua imekuja na kuondoka siku nzima. Tunaanua, tunaanika, tunaanua. Dagaa wenyewe ni wachache; huvuliwa kwa taa gizani, na sasa mwezi unakaribia kujaa, mitumbwi mingi imelala ufukweni. Wachache, lakini kazi ni ile ile. Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono kiunoni. Mimi nikageuza. Sisemi na wateja. Mama husema nawafaa dagaa kwa sababu dagaa hawamsemeshi mtu.

Mtihani wa kidato cha nne umekwisha. Kila mtu ananiuliza sasa nafanya nini. Nageuza dagaa.

Jioni Mama aliniachia simu yake. Kundi la simu la wajenzi wa mifano ya ndege limechangamka. Kuna mtu ametuma habari za maboksi mapya yatakayotoka mwakani huko nje. Boksi ni ndege ya plastiki iliyo vipande vipande. Unaiunga mwenyewe, unaipaka rangi, inakuwa mfano mdogo wa ndege ya kweli. Wenyewe huita "kit". Nilipomwambia Mama mara ya kwanza alisikia kiti, akauliza kama wanauza na meza yake. Tangu siku hiyo nasema boksi.

Habari yenyewe ni hii. Mwakani inatoka ndege ya maji ya Wabelgiji. Ile iliyokuwa ikiruka kutoka ng'ambo ya ziwa wakati wa vita vya kwanza vya dunia, ikaja kupiga mabomu bandari yetu ya Kigoma. Kundi zima linashangilia. Wengi wako Dar na Arusha, ziwa lenyewe hawajaliona.

Mimi sikushangilia. Ndege hiyo naijenga mimi, kwa mikono, tangu kidato cha tatu, kwa kutazama picha mbili za zamani. Sijamwambia mtu. Nilidhani ni yangu peke yangu. Sasa itauzwa dukani, na yeyote mwenye gundi atakuwa nayo.

Nimechoka, na mikono inanuka.


Jumanne, 2 Desemba

Tangazo la mashindano. Kaka Ombeni ndiye mwenye kundi. Ana karakana Dar, anatengeneza mifano ya majengo na ya meli kwa ajili ya maonyesho. Mashindano ni Jumamosi ya tarehe 17 Januari, katika ukumbi wa shule moja huko huko Dar. Sehemu mbili: ndege za boksi, na ndege zilizojengwa kwa mikono bila boksi. Kijana aliyemaliza shule akishinda ile sehemu ya pili, Kaka Ombeni atamchukua karakanani mwaka mzima kumfundisha kazi. Malazi yapo.

Nilisoma hadi simu ikazima.

Nilimwambia Mama tukiwa tunaosha makarai. Nilimwambia nikiwa nimempa mgongo, ndivyo ninavyoweza. Alimaliza karai lake kwanza.

"Haya. Ukishinda, nenda. Usiposhinda, mwezi wa pili unashika meza yangu. Mgongo huu haunipeleki mwaka mwingine, mwana wanje."

"Mwana wanje" ni mwanangu, kwa Kiha. Kunitaka mezani ni haki yake. Mgongo wake nausugua mimi kila jioni, naujua.


Jumamosi, 6 Desemba

Mwandiga kwa Mjomba. Mjomba ni kaka yake Mama, ana michikichi nyuma ya nyumba. Hunikatia kuti zuri kila ninapokwenda na haulizi la nini. Anadhani natengeneza mitego ya panya. Nilirudi na kuti begani na dumu la mawese la Mama mkononi. Bega linauma.

Uti wa kuti la mchikichi ukiumenya ngozi, ndani kuna kitu cheupe, chepesi kama mkate uliokauka. Kinakatika kwa wembe. Ndicho nilichojengea mwili wote wa ndege, na maboya yake mawili ya kutulia majini, na mbavu za mabawa. Mabawa ni manne, mawili juu, mawili chini. Ukiiweka kwenye mkono wangu inaanzia kwenye kiwiko na kuishia kwenye vifundo vya vidole.

Mabawa nayavika karatasi laini, ile wanayofungia viatu vipya. Naipaka uji mwepesi wa muhogo. Ukikauka, karatasi inakaza kama ngoma. Rangi sipaki juu yake. Ndege ya kweli ilivikwa kitambaa cha rangi ya maziwa yaliyokaa, na karatasi ikishapata uji wa muhogo inafanana nacho kabisa.

Hilo niligundua mwenyewe. Naliandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kujisifia.


Jumatatu, 8 Desemba

Zawadi ameniletea rangi za kucha. Zawadi ni jirani yetu hapa Buzebazeba, anasuka nywele saluni. Ninahitaji duara tatu kwenye mabawa, alama ya Wabelgiji, nyeusi katikati, kisha njano, kisha nyekundu. Nyekundu anayo tele. Nyeusi ilikuwa imebaki tone. Njano alimwomba mteja.

"Wewe hupaki kucha hata siku ya sikukuu, unataka njano ya nini?"

Nikamwonyesha. Ni mtu wa kwanza kuiona. Alizunguka meza, akaitazama chini ya mabawa, akasema, "Yusta, we mtoto ni mchawi."

Nilifurahi sana. Halafu nikajuta, kwa sababu Zawadi hana breki. Kufikia jioni Kibirizi nzima ilijua nimeingia mashindano ya ndege. Baba mmoja anayeuza kuku karibu na meza yetu akapaza sauti:

"Binti, ndege wako ni njiwa au kanga?"

Wanawake wakacheka. Akaongeza, "Na akishindwa tunamla?"

Nilisimama na karai langu. Jibu nililipata nikiwa nimefika nyumbani. Huwa nalipata nyumbani.


Jumatano, 10 Desemba

Bawa la chini la kushoto limekamilika. Limekaza vizuri. Nikalishika, nikaona kosa.

Ubavu mmoja nimeugeuza. Kila ubavu ni mnene mbele na mwembamba nyuma. Huo nimeutia kinyume. Ukipitisha kidole unahisi kauvimbe kadogo. Kuutoa ni kuchana karatasi yote na kuanza upya, na karatasi nzuri imebaki kipande kimoja.

Nimeuacha. Karatasi imefunika, hakuna atakayeona.

Najisikia vibaya hata hivyo.


Jumapili, 14 Desemba

Giza limeanza, mitumbwi imerudi kazini. Dagaa wengi. Baada ya misa tulikwenda moja kwa moja Kibirizi, hata nguo sikubadili. Mama alianguka kidogo akiinua karai. Si sana. Alisema ni mchanga umeteleza. Mchanga hautelezi hivyo.

Sikugusa ndege.


Alhamisi, 18 Desemba

Bati linavuja upande wangu. Nilikuta bawa la juu limelowa na karatasi imelegea kama ngozi ya ajuza. Nimeichana. Nimetumia kile kipande cha mwisho.

Katika kundi wanabishana kama boksi la ndege ya Wabelgiji litatoka mwezi wa nne au wa sita. Mmoja anasema mabawa yake yatakuwa kipande kimoja cha plastiki, hakuna haja ya kuhangaika na mbavu. Wote wamefurahi kwamba hakuna haja ya kuhangaika.

Huyo huyo akaniuliza na mimi. "Kaka Y, wewe uko Kigoma, utanunua ngapi?"

Wananiita Kaka Y. Jina langu kwenye kundi ni herufi moja na picha ni ya ndege wa ziwani, basi wakaamua mimi ni mwanamume. Mwaka sasa. Sijawahi kuandika neno zaidi ya "asante" na "nzuri". Nilitaka kuwasahihisha mwanzoni, nikachelewa, sasa ni aibu.

Niliandika "nzuri".


Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Wali, kuku, misa ndefu. Mama alilala mchana kutwa, na mimi nikamwacha alale. Hiyo ndiyo zawadi niliyompa.

Nimefunga waya za mabawa. Nyuzi za wavu wa dagaa, zile nyembamba kabisa. 


Jumatatu, 29 Desemba

Imekwisha.

Niliiweka kwenye kizingiti cha dirisha. Ziwa halionekani kutoka kwetu, lakini mwanga wake unafika. Mama alikuja akiwa na mwiko mkononi. Alisimama.

"Hii ndiyo iliyotupiga mabomu?"

"Ndiyo, Mama."

"Mbona nzuri?"

Akarudi jikoni. Nimekaa nayo hadi kiza. Sina hamu ya kuanza kitu kingine. Sina hamu ya chochote. Najihisi kama nguo iliyokamuliwa.


Jumanne, 6 Januari

Kutafuta mtu wa kuipeleka Dar. Basi inarusha mno. Mama Swaumu atapanda treni Alhamisi. Ni mfanyabiashara, hununua dagaa kwetu na kuwapeleka Dar, Mama anamwamini. Amekubali kuishika mkononi, asiiweke chini ya magunia. Alikubali kwa kelele:

"Nimebeba watoto wa watu, nimebeba maiti ya mjomba wangu, nitashindwa na kindege?"

Nimeipanga kwenye katoni ya sabuni. Nimeizungushia sufi ya mto wangu. Ukitikisa haisogei. Nilitikisa mara nyingi.

Mama aliuliza kama huyo Kaka Ombeni ana mke na watoto. Nikasema sijui.


Alhamisi, 8 Januari

Treni imeondoka. Nilikwenda stesheni na Mama, mvua ya manyunyu, watu wengi. Katoni ilikuwa imefungwa kamba vizuri kuliko nilivyoifunga mimi. Nilimwuliza Mama nani ameifunga upya. Akasema yeye, jana, nilipokwenda dukani.

"Nimemtilia yule kaka chupa ya mawese na kifuko cha dagaa. Mzigo hauwezi kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu, Yusta. Watasema hukulelewa."

Nikauliza ameviweka wapi. Ndani, pembeni, kwenye ile sufi. Sufi ilikuwa nyingi, amepunguza.

 Nikasema, Mama, chupa. Akasema, "Yameganda yale, asubuhi hii hata kijiko hakiingii. Yatakwenda wapi?"

Ni kweli, yalikuwa yameganda. Hapa kwetu na mvua hii hugandia kwenye chupa kama samli. Mama Swaumu alikuwa ameshapanda. Ningeweza kupiga kelele dirishani. Watu walikuwa wengi. Sikupiga.


Ijumaa, 9 Januari

Leo wako njiani. Nafikiria yale mawese na joto la Dodoma. Sijafika Dodoma, nimesikia tu.

Kibirizi, kugeuza. Sijala mchana.


Jumapili, 11 Januari

Kaka Ombeni amepiga simu.

Tulikuwa tumetoka misa, Mama anachambua maharage. Simu iliita, akaitazama, akanipa. "Ni Dar. Ongea." Sijawahi kuongea na yeyote wa kundi.

"Habari dada. Naomba kuongea na Y."

Nikasema ni mimi. Akasema hasikii, nimpe simu kaka. Nikasema sina kaka, ni mimi.  Halafu akasema, "Aa. Haya. Sawa, mdogo wangu." Nikamwamkia, akaitikia, akashusha sauti kama mtu anayeleta habari za msiba.

"Mzigo umefika. Lakini kuna mafuta."

"Mafuta gani?"

"Mekundu. Mawese. Chupa ilikuwa humo ndani, kifuniko kimelegea. Mabawa yote manne yamelowa."

Mama alisikia neno mawese. Akainua uso, anatabasamu. "Mwambie asiyapike yote siku moja!"

 Kaka Ombeni aliuliza hiyo ni sauti ya nani. Nikasema Mama.  Akasema naweza kuchagua. Aiingize mashindanoni hivyo hivyo ilivyo, au aiweke pembeni na kuwaambia watu mzigo ulichelewa. Hakuna atakayeuliza.

Nilitaka kusema aiweke. Ilikuwa mdomoni kabisa. Ubavu nimeuficha kwa karatasi, kwenye kundi nimejificha, kwenye stesheni nilifunga mdomo. Nikasema:

"Iingize."

"Una uhakika?"

"Iingize, Kaka."

Mama akauliza, "Wamefurahi?"

Nikasema wamefurahi.


Jumatatu, 12 Januari

Namchukia Mama leo. Naliandika kwa sababu siwezi kulisema. Miaka miwili, na chupa moja. Hakuuliza. Alifungua katoni yangu kama anafungua sufuria.

Jioni aliniomba nimsugue mgongo. Nilimsugua. Nilisugua kwa nguvu zaidi kuliko inavyohitajika, akasema, "Hapo hapo, asante, mwana wanje." Nikatoka nje, nikalia nyuma ya choo.


Jumatano, 14 Januari

Hasira imepungua, imebaki uchovu tu. Namwona anavyowaambia watu wa Kibirizi kwamba kuna mtu Dar anakula mawese ya kwao. Anaeleza na jinsi alivyoyafunga.

Sitamwambia.


Jumamosi, 17 Januari

Siku ya mashindano. Giza totoro usiku huu, kwa hiyo dagaa wamejaa hadi kwenye njia. Simu imefungwa kwenye pindo la kitenge cha Mama. Kila ilipoita ilikuwa mteja.

Yule baba wa kuku: "Binti, ndege wako ametaga?"

Nikamjibu, "Bado ameatamia, baba." Ilitoka yenyewe. Akacheka hadi akakohoa.

Hadi naandika hapa, kimya kutoka Dar.


Jumapili, 18 Januari

Sikushinda. Wala wa pili, wala wa tatu. Ameshinda kijana wa Arusha, ndege yake ya kunyunyizia mashamba dawa, safi, hata vumbi lake amelichora. Yeye ndiye anayekwenda karakanani. Nimeiona picha. Amestahili. Ningependa asingestahili.

Kaka Ombeni alinipigia mwenyewe. Aliongea polepole. Majaji wamekata alama kwa sababu ya mafuta, hawakuwa na njia nyingine, kanuni ni kanuni. Nikasema naelewa. Nikadhani amemaliza.

Akasema, "Sikiliza basi nikwambie kilichotokea."

Karatasi ikinywa mafuta huwa inaonyesha. Najua, kila aliyefunga maandazi anajua, ila sikuwa nimefikiri. Mabawa yote yamegeuka kama kioo cha rangi ya machungwa. Zile duara tatu zimebaki pale pale, rangi ya kucha hainywi mafuta. Mtu mmoja aliiinua ili aone kama inadondosha, akaielekeza dirishani, akaita wenzake. Mbavu zote zinaonekana. Kila kiungo, kila mkato wa wembe. Wakaja majaji, wakaja watu wa maboksi, ikapita mkono kwa mkono pale dirishani, na kila aliyeishika alijifutia mawese kwenye suruali.

Halafu akacheka. "Na ule ubavu wa bawa la chini la kushoto, umeugeuza."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikasema ndiyo, nimeugeuza, karatasi ilikuwa inakwisha. Akasema, "Tuliuona wote. Jaji mmoja amefurahi kweli, anasema na yeye hugeuza."

Akaniuliza karatasi nimeikaza kwa kitu gani. Nikasema uji wa muhogo. Akataka nieleze kwenye kundi.

Nimeandika. Imenichukua mchana wote. Nimeanza hivi: "Mimi ni Yusta. Ni msichana. Uji uwe mwepesi, unga uchekechwe mara mbili." Majibu ni mengi, sijayasoma yote. Mmoja ameandika, "Kumbe Kaka Y ni Dada Y, tusamehe." Wengine wanauliza muhogo wa wapi.

Nafasi imekwenda Arusha. Hilo halijabadilika.


Ijumaa, 23 Januari

Mama Swaumu amerudi. Nilisahau kwamba atarudi.

Alimwona Mama kutoka mbali, akapaza sauti mbele ya watu wote. "Mama Yusta! Mawese yako yamepanda ndege!"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, akiwa hajaelewa. Mama Swaumu akaendelea, katoni ilivyolowa walipofika Morogoro, sketi yake ilivyoharibika, yule kaka alivyoshika kichwa. Nilikuwa nikimtazama Mama. Alicheka, akacheka kidogo, akaacha. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama dagaa.




Jumatatu, 26 Januari

Mama anapikia mafuta ya dukani. Tangu Ijumaa. Dumu la mawese limesogezwa nyuma ya mlango, limefunikwa gunia. Matembele bila mawese ni chakula cha mgonjwa, lakini nimekula na sikusema kitu. 

Nilifikiri nikiwa na haki nitajisikia vizuri.


Jumatano, 28 Januari

Nilishindwa kusema, nikampa simu.

Ni picha aliyotuma Kaka Ombeni. Ndege dirishani, mwanga nyuma yake. Mama hana miwani, akaiweka mbali, akaileta karibu, akaipeleka mbali tena.

"Hizi ni mbavu?"

"Ndiyo."

"Za lile kuti la kwa mjomba wako?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mawese ni ya kwa mjomba wako." Alifuta kioo kwa kitenge. "Basi ni mti mmoja huo. Umekutana mwenyewe kwa mwenyewe."

Akaendelea kutazama. Akaweka kidole kwenye kioo, chini kushoto.

"Huu mbona umeugeuza?"


Ijumaa, 30 Januari

Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Daraja la tatu. Mama alisema hongera, akaniombea, akalala. Kama kuna shule itakayonichukua tutajua mbele huko. Kwa sasa ni meza.

Na kwenye kundi kuna habari. Boksi la ndege ya Wabelgiji limesogezwa mbele, pengine mwaka mwingine, sababu hawakusema. Watu wamenuna. Kaka Ombeni ameandika kwamba kwa hiyo nchi nzima ipo moja tu, iko juu ya kabati lake, na bado inadondosha.


Jumapili, 1 Februari

Mwezi umejaa tena. Mitumbwi imelala, kesho dagaa watakuwa wachache. Ni siku nzuri ya kuanza kushika meza. Mama amenionyesha wateja wa mkopo, wa kuaminiwa na wa kukwepwa. Yeye atakaa kwenye ndoo. Mimi nitasimama.

Baada ya misa hakurudi nami. Alisema ana shughuli. Alirudi jioni kutoka Mwandiga, anatembea polepole, kuti refu kichwani. Kwa mgongo ule. Nilikimbia kulipokea, akakataa hadi alipofika mlangoni. Akaliegemeza ukutani, akaketi, akapumua.

Akasema, "Mwakani nitamtilia yule kaka dagaa tu. Dagaa hawavuji."

Kisha akaenda nyuma ya mlango, akatoa dumu.

Nimelimenya kuti upande mmoja kuona ndani. Jeupe, halina doa. Bado bichi. Nimeliweka mbali na bati linalovuja.

Mboga ya leo ilikuwa na mawese.